Shomari wa Giaboksi: Fundi Aliyekwenda Mtakuja Kutaja Kosa Lake

Saa mbili asubuhi, jua limeshaanza kuchoma mabati ya gereji ya ushirika wa mafundi hapa Gongoni, mjini Tabora. Shomari Mabruki amesimama mbele ya meza ya mninga iliyolowa oili ya miaka mingi. Juu ya meza imelala giaboksi ya lori la tani saba, imefunguliwa yote, na kila kipande kimepangwa juu ya gunia kwa zamu yake ya kurudi.

Anaokota pete ya shaba ya njano, kubwa kiasi cha bangili, na kuifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Anaivisha kwenye gia yake, anaibana kwa vidole gumba viwili, kisha anachukua kipande cha msumeno wa kukatia chuma na kukipenyeza katika uwazi ulio kati ya pete na meno ya gia. Kinapita. Anazungusha kidogo, anajaribu tena. Kinapita. Anazungusha tena. Kinagoma.

"Hii imekufa," anasema, na kuitenga na nyingine.

Mafundi huiita sinkro. Dereva anapobadili gia, pete hii ndiyo inayoishika gia inayozunguka kwa kasi tofauti na kuilinganisha na mwenzake, ili meno yaingiane bila kugombana. Ikilika, huzama kwenye gia mpaka ule uwazi unafunga, na gia hulia, hugoma, au huingia na kuchomoka yenyewe. Lori laweza kuwa na injini nzima na matairi mapya, likashindwa kupanda kilima kwa sababu ya pete moja.

Shomari anaijua vizuri hadithi ya lori lililoshindwa kupanda. Kwa wiki saba aliificha. Sasa humsimulia kila dereva anayeingia gereji hii, na hata mwandishi wa gazeti hakulazimika kumbembeleza.

Ana umri wa miaka arobaini na minane. Alizaliwa Isevya, hapa hapa mjini, na huko ndiko anakoishi mpaka leo na mkewe Mwanamkuu na watoto watano. Babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi pwani mara nne, na alizikwa na sugu begani. Baba yake alikuwa mshona viatu. Yeye alikwenda kwenye chuma.

Alijifunza kwa mzee mmoja Singasinga aliyekuwa na gereji karibu na stesheni. Mzee huyo hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini jambo moja alilirudia mpaka likamkaa mwanafunzi wake kichwani.

"Alikuwa akinisogezea kopo puani," Shomari anasimulia. "Ananiambia, nusa. Oili inayonuka kiberiti ni ya difu, kule kwenye ekseli ya nyuma. Huko inafanya kazi njema. Usiitie kwenye giaboksi yenye pete za shaba, itazila polepole kama kutu, na hutaona mpaka siku ya shida."

Mzee alipouza gereji na kuondoka mwaka 1967, Shomari alikwisha kuwa bingwa wa giaboksi mjini. Mafundi wenzake walipounda ushirika wao mwaka 1970, walimfanya msimamizi. Magari ya vijiji vya ujamaa yakaanza kuja kutoka Sikonge, Urambo, mpaka njia ya Mpanda.

Mojawapo lilikuwa lori la kijiji cha Mtakuja, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Ipole. Wanakijiji walilinunua kwa tumbaku yao ya misimu mitatu. Lilibeba tumbaku, asali, mbolea, mabati ya shule, na wagonjwa. Dereva wake alikuwa Yoramu, kijana wa Kimoraviani aliyechaguliwa kwa kura za mkutano wa kijiji, na kwa sababu hiyo aliendesha lori lile kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu.

Juni 1973, katikati ya msimu wa kuuza tumbaku, Yoramu alilileta likivuja oili ya giaboksi. Shomari aliifungua, akabadili mpira uliopasuka, akatazama pete. Zilikuwa zimelika nusu, lakini zilikuwa bado zina uhai. Alipokwenda stoo, oili ya giaboksi ilikuwa imekwisha. Mjini kote haikuwapo. Hata oili nzito ya injini, ambayo haidhuru shaba, ilikuwa ya kuviziwa.

Kilichokuwapo ni debe moja la oili ya difu.

"Tumbaku ilikuwa inangoja Ipole, na soko lilikuwa linafungwa Ijumaa," anasema. "Nikajiambia, ni safari moja tu. Likirudi nitaimwaga. Nikamimina. Harufu ilinipiga puani, nikageuza uso."

Hakumwambia Yoramu. Lori liliporudi wiki iliyofuata lilikuja kuziba pancha tu, gereji ikiwa imejaa watu, na Shomari akaona haya kusema mbele ya wenzake kwamba aliweka kitu asichopaswa kuweka. Mara nyingine lilipokuja, yeye alikuwa safarini Nzega. Mwezi ukapita, kisha miwili. Mvua za vuli zikaanza. Jambo likalala.

Jumanne moja ya Machi 1974, Flavia, mke wa mkulima aitwaye Justus, alishikwa na uchungu wa uzazi pale Mtakuja. Ilikuwa mimba yake ya tatu. Mkunga wa kijiji alipoona mambo yanakwenda kombo, alisema mama apelekwe hospitali ya Sikonge upesi. Ilikuwa saa tatu asubuhi, mvua imekatika, na Yoramu alikuwa tayari ameshawasha injini.

Walitandika godoro la majani nyuma ya lori. Justus alikaa akimpakata mkewe kichwa. Baiskeli ya Justus ilitupwa humo humo, kwa kuwa angeihitaji kurudia nyumbani.

Baada ya Ipole kuna bonde lenye mbuga ya udongo mweusi. Mtu anayeijua njia ile hushuka kwa gia ya tatu, na kabla gurudumu halijagusa tope hurudi ya pili, apande ng'ambo kwa nguvu bila kusimama. Yoramu aliijua. Alishuka, akakanyaga klachi, akavuta ya pili.

Gia ililia na kugoma. Akajaribu tena, ikalia. Mara ya tatu mwendo ulikuwa umekwisha, na lori likasimama katikati ya tope. Alipoweka ya kwanza na kuachia klachi, magurudumu ya nyuma yalizunguka palepale na kujichimbia mpaka ekseli ikakaa juu ya udongo.

"Nilisikia ile gia kutoka nyuma nilikolala," anasema Flavia, ambaye sasa ana miaka ishirini na tisa. "Nilikuwa na maumivu yangu, lakini niliisikia. Nikajua hatufiki."

Yoramu na Justus walimpandisha kwenye baiskeli. Mmoja alishika usukani, mwingine alimshikilia mgongo, wakasukuma kilomita kumi na nne katika tope na mchanga. Walifika Sikonge alasiri. Mtoto, wa kiume, alizaliwa amekufa. Flavia alipelekwa hospitali ya Kitete, Tabora, siku iliyofuata na kulazwa siku kumi na tisa.

Lori lilikokotwa kwa trekta mpaka Gongoni, na mwenye kuifungua giaboksi alikuwa Shomari mwenyewe.

Anasema aliponyanyua kifuniko hakuhitaji taa. Harufu ya kiberiti ilimtangulia. Pete zilikuwa nyeusi, zimetoboka vishimo vidogo vidogo kama jani lililoliwa na wadudu, na ile ya gia ya pili haikuwa na uwazi wa kupitisha hata karatasi. Alikaa kwenye kigoda akiishika mkononi.

Mwenyekiti wa kijiji alipokuja kuuliza, Shomari alijibu maneno mawili tu: "Pete zimekwisha."

Lilikuwa jibu la kweli, na ndilo lililomwangamiza Yoramu. Kijijini watu walijiuliza pete za giaboksi humalizwa na nani, na kila aliyewahi kupanda gari alijua jibu: humalizwa na dereva anayelazimisha gia. Mkutano wa kijiji ukamvua udereva. Funguo za lori alizirudisha mbele ya watu wote. Watoto wakamwimbia njiani. Lakini lililomtesa zaidi, anasema, halikuwa hilo.

"Niliamini," anasema Yoramu, akitazama mikono yake. "Niliamini kwamba mimi ndiye niliyemuua yule mtoto. Kila nikilala naisikia ile gia. Najiuliza, ningevuta mapema? Ningevuta taratibu?"

Mwanzoni mwa Mei, Yoramu aliendesha baiskeli yake mpaka Tabora, akalala njiani Sikonge, na kutokea gereji mchana wa siku ya pili.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Yoramu. Habari za Mtakuja?"

"Nzuri tu." Aliegemeza baiskeli ukutani. "Fundi, sikuja kuomba kazi. Kazi nimeiacha. Nimekuja unioneshe nilipokosea. Wewe ndiye uliyeifungua. Nioneshe, nijue."

Shomari alimtazama, kisha akatazama chini. "Gari ni chuma, Yoramu," alimwambia. "Chuma huchoka."

Yoramu alishukuru, akanywa maji, akapanda baiskeli yake na kuanza safari ya kurudi.

"Uongo wa kwanza ulikuwa wa kunyamaza," Shomari anasema. "Huo ulikuwa wa pili, na niliusema kwa kinywa changu, mtu ametoka safari ya siku mbili."

Siku ile alikwenda nyumbani mapema na hakula. Mwanamkuu alimuuliza mara mbili, na mara ya tatu akaambiwa yote. Mwanamkuu si mtu wa kupaza sauti. Alifunika chakula, akakaa mkekani mbele ya mumewe.

"Kumbe kosa ni lako, na kanzu yake umemvalisha mtoto wa mwenzio," alisema. "Babu yako alibeba mizigo ya watu miaka yote ile. Je, alipoanguka mtoni alisema aliyeangusha ni wa nyuma yake?"

"Wataninyang'anya kazi."

"Yeye wameshamnyang'anya."

Ijumaa ile baada ya swala, Shomari aliwaambia wenzake wa ushirika kwanza. Kisha akapanda basi la Sikonge, akaazima baiskeli, na Jumapili mchana akafika Mtakuja. Wakristo walikuwa wametoka ibadani, na mkutano wa kijiji ulikuwa umeitishwa kuzungumzia mazao. Aliomba nafasi ya kusema.

Alisimama mbele ya watu wapatao mia mbili na kusimulia kuhusu debe la oili. Alieleza kama anavyoeleza sasa, bila kuruka kitu, mpaka jibu alilompa Yoramu gereji.

Mwenyekiti alimuuliza, "Ndugu fundi, ulijua au hukujua kwamba oili ile inaharibu?"

"Nilijua."

"Ulijua tangu siku ile ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza."

Kelele zikazuka. Wengine walitaka apelekwe polisi. Mzee mmoja alisema kwa Kinyamwezi kwamba mtu huyu amekuja mwenyewe kwa miguu yake, basi asikilizwe. Justus, mume wa Flavia, aliinuka na kuondoka mkutanoni, na mpaka leo Shomari hajui kama siku ile aliondoka kwa hasira au kwa kutaka kulia.

Ndipo Flavia akasimama kutoka upande wa wanawake. Alikuwa bado amekonda.

"Mimi ndiye niliyekuwa ndani ya lori," alisema. "Yoramu alinisukuma kilomita kumi na nne, miguu yake ikatoka damu, na nyinyi mkamvua funguo. Mimi nilisema hapa, hamkunisikia. Sasa mmesikia."

Kisha akamgeukia Shomari. "Na wewe, usiniombe msamaha leo. Sina. Maneno nimeyasikia. Ukirudi hapa, usirudi na maneno mengine. Rudi na lori linalotembea."

Yoramu alikuwa ameketi nyuma kabisa. Watu waliokuwa karibu naye wanasema alifunika uso kwa kofia na kukaa hivyo mpaka mkutano ulipokwisha.

Kurudi na lori linalotembea hakukuwa jambo dogo. Mwaka ule pete mpya hazikupatikana Tabora, na barua zilizopelekwa Dar es Salaam zilijibiwa kwamba fedha za kigeni ni haba, wangoje. Ushirika ulikuwa umemvua Shomari usimamizi kwa miezi sita. Baadhi ya wateja walimkimbia. Kipato chake kilishuka kutoka shilingi mia tano na kitu kwa mwezi hadi chini ya mia tatu, na Mwanamkuu akaanza kukaanga vitumbua asubuhi.

Shomari alizunguka kwenye nyasi nyuma ya magereji ya mji, palipo na malori yaliyokufa. Alipata giaboksi tatu za aina ile, akatoa humo pete tisa. Alizipima moja moja kwa kipande chake cha msumeno. Tano zilikuwa zimekufa. Nne zilipita kotekote, nyingi zikiwa za gia ya juu ambayo haibadilishwi mara kwa mara.

Lakini pete iliyopita kipimo si lazima ishike. Ndani yake ina mifereji membamba kama nyuzi, ya kukata oili ili shaba ipate kuuma chuma. Mifereji ikijaa uchafu mgumu, pete huteleza tu. Shomari alichonga ncha ya msumeno mpaka ikawa nyembamba kama sindano, akasafisha mfereji mmoja baada ya mwingine kwa siku tatu. Gia zenyewe alizisugua kwa msasa laini uliochakaa, mpaka zikang'aa bila mkwaruzo.

Alipokuwa tayari kuirudisha giaboksi, alimwita Yoramu aje.

"Nilimwambia, vaa bwelasuti, pete hizi utazirudisha kwa mkono wako," anasema. "Dereva anayeijua pete kwa kidole hawezi kuilazimisha kwa fimbo ya gia."

Yoramu alikaa Gongoni siku tisa. Alijifunza kurekebisha klachi, kwa sababu klachi isiyoachia sawasawa huzimaliza pete bila dereva kujua. Alijifunza kutoegemeza mkono juu ya fimbo ya gia njiani, kwa kuwa uzito huo mdogo husugua vyuma vya ndani kutwa nzima. Zaidi ya yote, alijifunza kukanyaga klachi mara mbili: kanyaga, toa gia, achia, gusa mafuta kidogo ikiwa unashuka gia, kanyaga tena, ingiza. Dereva akifanya hivyo, mizunguko huwa imekaribia kulingana kabla ya pete kuguswa, na pete hubaki na kazi ndogo.

"Zamani niliisukuma gia kama mtu anayefunga mlango," anasema Yoramu. "Sasa naisubiri. Ikiwa tayari, inaingia yenyewe."

Lori lilirudi Mtakuja Julai 1974. Shomari ndiye aliyeketi kando ya dereva. Kwenye lile bonde Yoramu alisimamisha gari juu, akashuka, akatembea peke yake mpaka chini na kurudi. Kisha akapanda, akashuka bondeni kwa gia ya tatu, na kuingiza ya pili. Shomari anasema haikutoa hata mnong'ono.

Yoramu aliirudia kazi, lakini kwa sharti alilolitoa mwenyewe: kila miezi mitatu lori liende Gongoni, yeye na fundi wapime oili kwa pua na vidole. Mwezi uliopita giaboksi ilifunguliwa. Baada ya masika mawili na misimu miwili ya tumbaku, kipande cha msumeno bado kinapita kotekote kwenye pete zile zile zilizookotwa majanini.

Flavia hajasema kwamba amesamehe. Mwandishi alipomuuliza nyumbani kwake, alikuwa akichambua maharage. "Akija anakaribishwa, anakula," alisema. "Justus naye siku hizi anamsalimia. Mengine ni ya Mungu." Ana mimba ya miezi sita. Mwezi ukikaribia atatangulia kwa ndugu yake Sikonge, akangojee huko. "Si kwa kumwogopa Yoramu," aliongeza. "Naogopa mvua."

Shomari alirudishiwa usimamizi, ingawa wapo wateja ambao hawakurudi. Anasema hawalaumu.

Tangu mwaka jana ameanza jambo ambalo baadhi ya mafundi wenzake walilicheka. Kila giaboksi anayoifunga, huichomekea chini ya skrubu moja kipande cha bati alichokigongea kwa patasi tarehe, aina ya oili iliyomo, hali ya pete, na jina lake. Akiwa ameweka kitu cha kubahatisha kwa kukosa kingine, hugonga hilo pia. Bati moja linalotembea sasa njia ya Urambo lina maneno haya: *Pete ya pili imechoka. Usilibebeshe mzigo mzima.*

Mipango yake ni miwili. Kabla ya masika, anataka madereva kumi na wawili wa malori ya vijiji wakae wiki moja Gongoni, kila mmoja afungue na kufunga giaboksi kwa mkono wake. Yoramu amekubali kufundisha naye. Wa pili ni mkubwa zaidi: ameanza kuzungukia gereji za mkoa huu, moja baada ya nyingine, akiwaomba mafundi nao wagonge mabati yao. Mpaka sasa gereji nne zimekubali.

"Sitaki sifa ya peke yangu," anasema, akinawa mikono kwa majivu na maji. "Nataka siku moja lije lori kutoka mbali, nisilolijua, na dereva nisiyemjua. Nilale chini yake na kitambaa changu, nifute vumbi, nisome jina la fundi mwenzangu na kile alichokiweka humo. Kizuri au kibaya. Nisome tu, nijue pa kuanzia."